Toscana kwa Gari la Kukodi: Wawili na Mfuko Mdogo

Miji ya Toscana, mkoa wa Italia ya kati, ilijengwa karne nyingi kabla ya gari, na wenyewe hawana mpango wa kuibomoa ili mgeni apate pa kupita. Firenze (Florence), Siena, Lucca, Pisa: kote huko, eneo la mji mkongwe limefungwa kwa magari yasiyo na kibali. Kwa hiyo, mwenzangu uliyeko Ulaya unayefikiria kuchanga pesa na rafiki mkaizunguke Toscana, lijue hili mapema. Gari la kukodi ni la kuwatoa mji mmoja hadi mwingine. Mkifika, mnaliacha nje ya ukuta na kutembea.

Tuanze na karatasi. Aliye na kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen huingia Italia bila viza nyingine na kukaa hadi siku 90 ndani ya kila siku 180, lakini abebe pasipoti na kadi ya ukaazi vyote viwili, maana hata mwenye nyumba ya wageni ataviomba. Anayeishi Uingereza kwa pasipoti ya Afrika Mashariki ana kazi ya kuomba viza ya Schengen kwanza. Kwenye udereva, leseni ya nchi ya Umoja wa Ulaya inatosha yenyewe. Leseni ya Kenya, Tanzania au Uganda hutakiwa iambatane na leseni ya kimataifa, na hiyo hutolewa katika nchi iliyokupa leseni yenyewe. Zile zinazouzwa mtandaoni kwa haraka na kwa picha ya simu ni karatasi tu. Halafu angalia umeishi ugenini muda gani: Ujerumani leseni ya nyumbani hukoma kutumika baada ya miezi 6 ya ukaazi, Italia baada ya mwaka 1, Uingereza baada ya miezi 12. Wengi wetu tumeshavuka hapo bila kujua, na bima ya gari ikifika siku ya ajali haitakuwa na huruma.

Kampuni za kukodisha hutaka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe. Kadi ya rafiki haikubaliki, hata kama mmesimama naye hapo kaunta. Kampuni huzuia dhamana kwenye kadi ya dereva, na dhamana kubwa inaweza kuwaacha bila pesa ya kula, kwa hiyo ulizeni kiasi kabla ya kulipia. Dereva wa pili hulipiwa zaidi, na aliye chini ya miaka 25 huongezewa pia. Kama siku zenu ni chache, bora dereva awe mmoja na mwingine ashike ramani. Ila asiyeandikwa kwenye mkataba asiguse usukani hata kuhamisha gari maegeshoni. Magari mengi ni ya gia za mkono. Otomatiki yapo, ila kwa bei nyingine. Na kama umezoea kuendesha upande wa kushoto, omba gari dogo kabisa: barabara za vijijini ni nyembamba, na utakuwa na mengi ya kufikiria.

Sasa hilo eneo lililofungwa. Waitaliano huliita ZTL, yaani eneo la magari machache. Hutaona kizuizi wala askari. Utaona kibao cha duara jeupe lenye ukingo mwekundu, maandishi mengi madogo chini yake, na kamera juu inayosoma namba za gari. Palipo na ubao wa umeme ulioandikwa "varco attivo", kamera inafanya kazi, usiingie. "Varco non attivo" unaweza kupita. Mgeni huona neno "attivo" akadhani njia iko wazi. Kamera haijali kama umepotea: dereva anayezunguka akitafuta njia ya kutoka anaweza kupata faini vilevile. Programu ya ramani isiwadanganye, mara nyingi hupitisha katikati kwa sababu ndiko karibu. Msiandike jina la hoteli kama mwisho wa safari. Andikeni jina la maegesho ya nje mliyoyachagua tangu nyumbani. Kama hoteli iko ndani ya ZTL, iulizeni kwa maandishi kama inaweza kusajili namba ya gari lenu manispaa, na msiingie kabla haijajibu.

Rangi za mistari ya maegesho ni rahisi. Nyeupe kwa kawaida ni bure, ingawa pengine kwa muda maalumu. Bluu unalipia kwenye mashine. Njano ni ya wenyeji, walemavu au mizigo.

Barabarani, vibao vya kijani ni vya barabara kuu za kulipia na vya bluu ni vya barabara za kawaida. Kwenye za kulipia unachukua tiketi unapoingia na kulipa unapotoka. Njia ya manjano ya Telepass, ya wenye kifaa cha kulipia bila kusimama, si yenu. Lakini Toscana ina bahati yake: barabara pana ya Firenze hadi Siena haina ushuru, na ile ya Firenze–Pisa–Livorno, FI-PI-LI, vilevile. Kamera za mwendo zipo, hivyo akiba hiyo msiirudishe kwa kukimbia. Taa za mbele ziwashwe hata mchana mkiwa nje ya miji. Sheli za kwenye barabara kuu za kulipia ni ghali. Shukeni mjini, na mjaze wenyewe kwenye pampu iliyoandikwa "self", si "servito". Benzina ni petroli, gasolio ni dizeli. Kosa hapo hulipwa na aliyekodi gari, bima haigusi.

Kuhusu wapi pa kwenda, mimi ningeiona Firenze kwanza kwa miguu, bila gari. Siku ya kuondoka mnapanda tramu ya T2 hadi uwanja wa ndege na kuchukua gari huko. Mtakuwa mmeokoa kodi ya gari na maegesho ya siku zote hizo. Kama tayari mna gari, maegesho ya Villa Costanza yameunganishwa moja kwa moja na barabara kuu ya A1, na tramu ya T1 inatoka hapo hadi kituo cha Santa Maria Novella. Kuingia ndani ya kanisa kuu la Firenze ni bure. Kuba lake, lililojengwa na Brunelleschi kati ya 1420 na 1436, lina ngazi 463 na hulipiwa. Mwenye magoti ya mashaka apande kwenye kanisa la San Miniato al Monte, aone kuba hilohilo kutoka mlimani bila senti. Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho ya serikali, Uffizi ikiwemo, hayatozi kiingilio, ila foleni yake ni ya kujitolea.

Pisa inataka saa chache tu. Mnara ulianza kujengwa 1173 na ulishaanza kuinama kabla haujakamilika, kwa kuwa udongo wa chini ni laini. Ulifungwa 1990 na kufunguliwa tena 2001 baada ya mafundi kuurudisha kidogo. Kuutazama kutoka kwenye majani ni bure, na sioni sababu ya mwenye bajeti ndogo kulipia kuupanda. Lucca iko jirani na inastahili usiku mzima: ukuta wake mzima, kama kilomita 4, ni njia ya kutembea na baiskeli, juu ya mji, bila malipo.

San Gimignano na minara yake 14 iliyobaki ni mzuri, ila mabasi ya watalii huujaza adhuhuri. Fikeni asubuhi na mapema au jioni. Ningependa zaidi Volterra, wenye lango la Waetruski, watu wa kale waliotangulia Warumi, na ukumbi wa maigizo wa Kirumi unaoonekana vizuri kutoka barabara ya juu bila tiketi. Hapo ndipo gari linalipa, kwa sababu treni haifiki. Siena acheni gari kwenye maegesho ya bondeni, mpande kwa ngazi za umeme. Karibu na kanisa kuu utaona ukuta mrefu usio na paa: walitaka kulipanua wawe na kanisa kubwa kupindukia, tauni ya 1348 ikaua watu wengi mno, kazi ikaachwa. Tarehe 2 Julai na 16 Agosti ni mbio za farasi za Palio. Kusimama katikati ya uwanja ni bure, vyumba ndivyo vinavyopanda bei.

Mkiwa na gari, laleni mashambani kwenye nyumba za agriturismo. Nje ya kiangazi bei huwa nafuu, na maegesho kwa kawaida ni ya bure. Kodi ya utalii hulipwa kando, kwa kila mtu kwa kila usiku. Mgahawani kuna coperto, tozo ya kiti, na kahawa ya kusimama kaunta ni nafuu kuliko ya kuletewa mezani.

Na kabla ya yote hayo, kaeni na rafiki yako mpatane pesa. Mafuta, ushuru na maegesho vitoke mfuko mmoja. Faini je? Mnayo sababu ya kuamua leo: kampuni ya gari hutoza ada yake kwa kuipa polisi anwani ya dereva, kisha faini yenyewe hutumwa kwa posta, na kwa mkaazi wa nje ya Italia wana hadi siku 360 kuituma. Barua huja kwa jina la aliyesaini mkataba, hata kama aliyesema "pita hapa" ni yule wa ramani. Faini ikilipwa ndani ya siku 5 tangu ifike, kwa makosa mengi hupunguzwa asilimia 30, kwa hiyo makubaliano yawe ya maandishi, ujumbe wa simu unatosha, ili siku hiyo pesa itumwe bila mjadala.