Kumlisha mgonjwa wa kiharusi mwenye kisukari akiwa nyumbani

Mimi ni muuguzi wa wodini, na haya ndiyo ninayowaeleza ndugu siku mgonjwa wao anaporuhusiwa. Wengi huniuliza kwanza habari za mazoezi ya mkono na mguu. Mazoezi yana nafasi yake. Lakini mgonjwa akirudishwa wodini wiki mbili baadaye, mimi naulizia chakula kwanza: je, kilimpalia kikaingia mapafuni, au alikula kidogo ilhali dawa ya sukari aliipata yote?

Hatua ya 1: Pima sukari kabla ya mlo

Mnawishe mikono kwa sabuni, umkaushe. Kidole chenye mabaki ya embe au chai ya sukari kitakupa kipimo cha juu cha uongo. Choma pembeni mwa kidole, wala si katikati, na utumie mkono mzima, kwa sababu uliopooza mara nyingi huvimba. Andika kwenye daftari saa, kipimo na alichokula. Chini ya 4 (milimoli kwa lita) sukari imeshuka; tazama Hatua ya 6. Kama mashine yako inasoma kwa miligramu, hiyo ni kama 72.

Hatua ya 2: Mkalishe wima

Asilishwe akiwa amelala, hata kama amechoka. Mwinue kwa kumshika mgongoni na kiunoni; ukimvuta kwa mkono uliopooza, bega linaweza kuteguka. Weka mto upande dhaifu asiegemee huko, na kidevu kiiname kidogo kuelekea kifuani.

Hatua ya 3: Jaribu kumeza

Hii ni kwa mgonjwa ambaye hospitali imeshamruhusu kula kwa mdomo. Mpe kijiko kimoja cha chai cha maji. Tazama koo: linapanda na kushuka? Kisha mwambie aseme "aaa". Sauti ikitoka na majimaji, maji yamebaki njiani. Usisubiri kikohozi, maana wapo wanaopaliwa kimyakimya bila kukohoa hata kidogo. Rudia mara 2 zaidi. Akikohoa, au sauti ikibadilika, simamisha mlo na umrudishe hospitali. Huenda akahitaji mpira wa kulishia wa puani kwa muda, na si aibu kwake wala kwenu.

Hatua ya 4: Chakula chenyewe

Maji matupu hukimbia kooni kabla mgonjwa hajajiandaa. Uji mzito humpa nafasi. Upike wa dona au ulezi, usitie sukari. Viazi vya kuponda, maharage yaliyosagwa, mchicha uliokatwa laini na samaki aliyetolewa miba vyote vinafaa. Kijiko kiingie upande wa mdomo usiopooza. Baada ya kila matonge machache kagua shavu lililopooza, maana chakula hujificha humo na mgonjwa hahisi.

Akimaliza, msafishe kinywa, abaki ameketi kwa nusu saa. Nusu saa hiyo itumie kumkagua miguu, hadi katikati ya vidole: malengelenge, michubuko, wekundu kisiginoni.

Hatua ya 5: Oanisha dawa na mlo

Hapa ndipo ninapowasihi ndugu wanisikilize. Insulini mchanganyiko, ile yenye ukungu ya 30/70 (sehemu 30 ya haraka, 70 ya polepole), kwa kawaida huchomwa nusu saa kabla ya kula. Sasa mgonjwa akimeza vijiko 3 kisha akasinzia, insulini haisinzii naye. Kabla hamjatoka hospitali, muulizeni daktari: akikataa kula tufanye nini, tupunguze kiasi gani? Jibu liandikwe. Msikatishe insulini kwa uamuzi wenu. Glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, nayo ina hatari hiyohiyo, na huendelea kushusha sukari kwa saa nyingi. Metformini, kidonge kingine cha kisukari, ikiwa peke yake ni nadra kuishusha hivyo.

Hatua ya 6: Akibadilika ghafla, pima

Jasho jingi, kutetemeka, kuchanganyikiwa, maneno kukatikakatika, hata upande mmoja kulegea: sukari iliyoshuka inaweza kuiga kiharusi kabisa. Nyumba nzima huanza kulia kuwa kiharusi kimerudi, na mashine iko kabatini. Itoeni.

Ikiwa chini ya 4, na yuko macho na anameza, mpe vijiko 3 hadi 4 vya chai vya sukari kwenye maji kidogo. Anayehitaji vitu vizito mpe asali kidogokidogo. Pima tena baada ya dakika 15; ikiwa bado, rudia. Ikipanda, mpe mlo.

Akiwa hajitambui, usimmiminie chochote mdomoni. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali akapate dripu ya sukari.

Sukari ikiwa sawa lakini mdomo umepinda au mkono umelegea upya, nendeni hospitali saa hiyohiyo, mkijua ni saa ngapi alionekana mzima mara ya mwisho. Msimpe aspirini njiani, kwani huenda mshipa umepasuka.

Na anayetumia glibenklamaidi, hata akizinduka na kuongea vizuri, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Sukari yake inaweza kushuka tena usiku mkiwa mmelala.