Namna ya Kuzichunguza Kucha Kabla ya Kupaka Hina Upya

Kwa wanawake wengi wa Mombasa, wakati mzuri wa kuzichunguza kucha ni kabla ya kupaka hina mpya, kwa kuwa hina hufunika rangi ambayo ndiyo hasa inayotafutwa. Hina iliyokwisha kukolea ukuchani haitoki kwa kusugua, bali huondoka kadiri ukucha unavyokua, takriban milimita 3 kwa mwezi, hivyo baada ya miezi 2 sehemu iliyo karibu na shina huwa wazi. Nawa mikono, ikaushe, kisha ukae barazani mchana, kwani mwanga wa taa hupotosha rangi.

Tazama kwanza nyama iliyo chini ya ukucha. Ikiwa imepauka katika vidole vyote, na viganja na ndani ya kope la chini pia vimepauka, huenda damu imepungua, na mjamzito hasa asingoje siku yake ya kliniki. Ukucha uliobonyea katikati na kingo zikainuka, kiasi cha kuweza kushika tone la maji, mara nyingi huashiria upungufu wa madini ya chuma, ingawa kwa watoto wachanga huweza kuwa hali ya kawaida. Kucha zikigeuka samawati huku mtu akihema kwa shida, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Kisha kutanisha kucha za vidole viwili vinavyolingana, mgongo kwa mgongo, uvielekeze penye mwanga. Kati yake huonekana kijitundu chenye umbo la uru wa karata. Kijitundu hicho kikiwa kimeziba na ncha za vidole zimevimba, mapafu na moyo vinahitaji kupimwa. Kipimo hiki kilielezwa mwaka 1976 na Leo Schamroth, daktari wa moyo wa Afrika Kusini, aliyeona mabadiliko hayo katika vidole vyake mwenyewe.

Jambo ninalowasihi wasomaji wasilipuuze ni mstari mweusi unaotoka shinani hadi nchani. Sisi wenye ngozi nyeusi huwa nayo katika vidole kadhaa bila ugonjwa wowote, na ndiyo maana ule wa hatari hupita bila kutambuliwa. Wa kutiliwa shaka ni ule ulio kwenye kidole kimoja, hasa cha gumba au kidole kikubwa cha mguu, unaopanuka au ambao weusi wake umeingia kwenye ngozi inayouzunguka ukucha. Saratani ya Bob Marley, iliyogunduliwa mwaka 1977, ilianzia chini ya ukucha wa mguu na ilidhaniwa kuwa jeraha la mpira. Alifariki mwaka 1981. Damu iliyovilia husogea mbele ukucha unapokua, lakini mstari wa namna hii hausogei. Upige picha kwa simu, na ukiuona umebadilika mwone daktari wa ngozi mara moja.

Madoa meupe madogo, ambayo wengi huyahusisha na ukosefu wa kalsiamu, kwa kawaida hutokana na kujigonga. Ukucha mnene, wa manjano, unaomeguka, huenda una fangasi, lakini upimwe maabara kabla ya kununua vidonge, kwa sababu yako magonjwa ya ngozi yanayofanana nao.

Siku ya kwenda hospitali ondoa rangi ya kucha, kwani rangi nzito huweza kupotosha kile kifaa cha kupimia oksijeni kinachobanwa kidoleni. Na bibi harusi anayeumwa amwombe mpaka hina amwachie ukucha mmoja bila kuupaka.