Somo: Kutia uzi wa pamba rangi ya maganda ya vitunguu, kuanzia kusafisha hadi kuanika

Kila msimu wa choya watu huja darasani na mfuko wa maua makavu, wakitaka uzi wao utoke mwekundu. Ukichovya, unatoka mwekundu kweli. Shida huanza siku ya kuufua: ukikutana na sabuni unageuka wa kijivu, na jua letu la Dodoma linamalizia kilichobaki. Zabibu nyeusi zina tabia hiyohiyo, maana rangi ya zabibu na ya choya ni za jamii moja. Kwenye uchachu ni nyekundu, kwenye magadi hugeuka buluu au kijani. Juisi na divai tengenezeni. Kitambaa cha kochi ambacho mtu amekifuma mwezi mzima kinastahili rangi itakayokaa nacho.

Kwa hiyo tunaanza na kitu ambacho wauza vitunguu wanakifagia na kukitupa jioni: maganda makavu. Vitunguu vyekundu vya Singida vimejaa sokoni Majengo na Sabasaba, na ukiomba maganda kwa adabu utapewa bure, na pengine utashukuriwa kwa kusafisha meza. Rangi yake kwenye pamba ni dhahabu inayoelekea kahawia, mara nyingine na ukijani kidogo. Baada ya miezi ya jua hufifia polepole, lakini haikimbii kwenye maji ya kwanza.

Jambo moja nalisema kwa kila anayeanza: rangi haishiki kwa sababu ya kuchemsha maganda sana. Inashika kwa sababu ya kazi uliyoufanyia uzi kabla haujaona ganda hata moja. Ndiyo maana hatua za mwanzo hapa ni ndefu na hatua ya rangi yenyewe ni fupi.

Vipimo nitakavyotaja ni vya uzi mkavu wa gramu 100. Ukiwa na gramu 300, zidisha mara tatu. Pima uzi ukiwa mkavu. Mizani ndogo ya muuza viungo inatosha.

Hatua ya 1: Ujue uzi wako

Madonge mengi ya rangirangi yanayouzwa madukani kwa jina la sufu ni akriliki, yaani plastiki. Rangi ya mimea haiingii humo hata ukichemsha siku nzima. Kata kipande kifupi, kishike kwa koleo juu ya sahani ya bati, ukiwashe. Pamba huwaka haraka, hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini yanayopeperuka. Akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Sufu halisi ya kondoo hunuka nywele zilizoungua. Fanya hivi hata kama muuzaji amekuapia.

Hatua ya 2: Funga vitita

Usichovye donge, kwa sababu ndani litabaki jeupe. Zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti upate kitita kirefu, kisha ukifunge sehemu nne kwa vipande vya uzi wa pamba. Vifungo viwe vilegevu. Kifungo kilichobana huacha doa jeupe.

Hatua ya 3: Kusafisha

Uzi mpya unaonekana msafi, lakini pamba ina nta yake ya asili, na kiwandani huongezewa mafuta ili isikatike kwenye mashine. Nta hiyo inazuia maji, na palipozuiwa maji hapaingii rangi.

Tia maji ya kutosha uzi uelee kwa nafasi. Weka magadi yaliyosagwa kijiko kimoja cha chai, yaleyale ya kulainishia maharage, na sabuni ya maji kijiko kimoja. Chemsha taratibu kwa saa moja na nusu hadi mbili. Maji yatageuka manjano au rangi ya chai. Wengi hushtuka wakiona uchafu huo ukitoka kwenye uzi mweupe. Yakiwa na rangi nzito sana, mwaga urudie. Halafu suuza mpaka maji yatoke meupe.

Mambo mawili ya hapa kwetu. Kwanza, tumia sufuria ya stili au ya enameli katika hatua hii, kwa sababu magadi ya moto yanakula aluminiamu. Na sufuria ikishaingia kwenye kazi ya rangi isirudi jikoni, hata ukiisugua.

Pili, maji. Mji wetu unategemea sana visima vya Makutupora, na maji ya visima vingi vya eneo hili ni magumu. Mnaona wenyewe sabuni ya kipande inavyokataa kutoa povu na kuacha utando mweupe kwenye beseni. Utando huo ukiganda kwenye uzi, rangi itatoka na mabaka. Ndiyo sababu nasema sabuni ya maji, siyo ya kipande. Magadi nayo yanapunguza ugumu wa maji. Mwenye tenki la kuvunia mvua ayahifadhi maji hayo kwa ajili ya hatua ya 5 na ya 6. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, kwa hiyo atakayepanga kazi kwa kufuata maji hatajuta.

Hatua ya 4: Tanini

Sufu ya kondoo hushika shabu, mawe meupe tutakayoyaona hatua ya 5, moja kwa moja. Pamba haifanyi hivyo vizuri. Inahitaji mtu wa kati, naye ni tanini, kile kitu kinachokausha ulimi ukitafuna ganda la komamanga au ukinywa chai iliyokaa sana. Tanini hushika pamba, shabu hushika tanini, rangi hushika shabu.

Hapa kati ya nchi tumejaliwa migunga. Magome yake yana tanini nyingi. Lakini tafadhali msibandue gome la mti uliosimama. Mti uliozungushiwa kisu shina zima hufa, na Dodoma haina mti wa kupoteza. Nenda kwa muuza kuni, okota magome yaliyodondoka chini ya mzigo wake. Konzi mbili za vipande zilowekwe usiku kucha, asubuhi zichemshwe saa moja, zichujwe. Ukipata maganda makavu ya komamanga, gramu 30 zinatosha, na yanaacha uzi mweupe zaidi kuliko magome. Ukikosa vyote, majani ya chai gramu 50.

Uzi uliolowa uingie kwenye maji hayo yakiwa ya moto, zima jiko, uache hadi kesho yake. Ukamue bila kuusuuza sana.

Hatua ya 5: Shabu

Ni mawe yale meupe yanayong'aa ambayo wauza dawa na viungo wanayo, na ambayo vijijini hutumika kutuliza maji ya tope. Saga gramu 15, yeyusha kwenye maji ya moto, kisha ongeza magadi kidogo sana, robo kijiko cha chai. Yatatoa povu, kwa hiyo usijaze chombo. Povu likitulia ongeza maji ya uvuguvugu, tumbukiza uzi, ugeuzegeuze, uache usiku mzima. Suuza mara moja. Uzi ulio tayari hivi unaweza kuuanika ukakaa wiki kadhaa ukisubiri rangi.

Hatua ya 6: Maganda

Maganda makavu gramu 100 kwa uzi gramu 100. Ni mengi kuliko unavyodhani, maana hayana uzito. Chemsha kwa saa moja, chuja kwa kitambaa ili vipande visinase kwenye uzi. Tumbukiza uzi ukiwa umelowa, rudisha motoni, maji yawe ya moto lakini yasitokote. Saa moja. Geuza kila baada ya dakika chache. Epua, acha upoe humohumo hadi asubuhi.

Hatua ya 7: Suuza na anika

Suuza kwa maji baridi mpaka yaache kutoa rangi, anika kivulini. Upepo wa hapa utakausha kabla ya saa sita mchana. Usianike juani hata kama una haraka.

Anayetaka rangi ya zeituni iliyokolea afanye nyongeza hii: misumari ya kutu kwenye chupa ya siki na maji, kifuniko kisikazwe, wiki mbili. Kijiko kimoja cha maji hayo ndani ya lita nne, uzi uliokwisha kutiwa rangi uingie dakika tano tu, kisha usuuzwe sana. Chuma kikizidi hudhoofisha pamba, na uzi utakatika siku moja ukiwa tayari umefumwa.

Maswali ya wanachama

*Kongwa: Shikamoo mwalimu. Mimi nilitumia manjano ya jikoni, uzi ukatoka wa kupendeza sana. Nilipofua ukageuka mwekundu kama damu ya mzee! Nilikosea wapi?*

Marahaba. Hukukosea popote, ni tabia ya manjano. Yakikutana na sabuni kali au magadi hugeuka mekundu, na ukiloweka kwenye maji yenye ndimu hurudi manjano. Tatizo lake kubwa ni mwanga. Yakianikwa juani siku chache hupauka. Mimi siyatumii kwa kitu cha kuuza. Maganda ya vitunguu kwenye uzi ulioandaliwa vizuri yatakupa manjano ya dhahabu inayokaa zaidi.

*Singida: Mwalimu, mama yangu alinifundisha kuweka chumvi na siki ili rangi isitoke. Kwenye somo sijaviona.*

Mpe mama salamu zangu. Chumvi ina kazi kwenye baadhi ya rangi za dukani, ndipo mazoea hayo yalikotoka. Kwenye rangi ya mimea na pamba, chumvi haishikishi chochote, na siki pia. Kazi hiyo inafanywa na tanini na shabu. Waliosoma batiki nao wasichanganye: rangi za batiki zina njia yake ya kostiki na haidrosi, hazihitaji shabu, na hizi zetu hazihitaji kostiki.

*Manyoni: Sisi tunasuka vikapu vya katani. Njia hii inafaa?*

Inafaa. Katani ni nyuzi za mmea kama pamba, na mkonge ulipoletwa nchini mwaka 1893 uliletwa kwa ajili ya nyuzi hizo. Tofauti ni kwamba katani ni ngumu na ina umanjano wake, kwa hiyo rangi itatoka nzito zaidi. Hatua ya kusafisha ifupishe: maji ya moto na sabuni ya maji kwa nusu saa, bila magadi. Ukiichemsha muda mrefu inapoteza nguvu, na kikapu ni cha kubeba mzigo. Hatua nyingine zibaki zilivyo.

*Kondoa: Udongo wetu mwekundu ukishika nguo nyeupe hautoki. Kwa nini tusiutumie?*

Swali hili limenifurahisha. Wekundu huo ni wa chuma, na michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, inaonyesha jinsi wekundu wa aina hiyo unavyodumu. Ila udongo hauyeyuki kama rangi ya ganda. Unakaa juu ya uzi kama vumbi, kwa hiyo unahitaji gundi. Tumia maziwa ya soya. Chekecha udongo mpaka uwe laini kabisa, ukoroge na maziwa ya soya yaliyotengenezwa siku hiyohiyo, sugua kwenye kitambaa kilichosafishwa, anika, rudia mara mbili au tatu, kisha kiache wiki kadhaa kabla ya kukifua. Kwa kitambaa ni vizuri sana. Kwa uzi wa kufumia sishauri, maana unakuwa mkavu na unachubua vidole.

*Nkuhungu, Dodoma: Dada, mkaa umepanda. Saa nne za kuchemsha kwa gramu 100 za uzi si hasara?*

Ni hasara ukifanya gramu 100 peke yake. Kusanyeni uzi wa watu watano, msafishe pamoja kwenye chungu kimoja. Kwenye hatua ya rangi, ikishapata moto epua, funika, zungushia blanketi kuukuu na uitumbukize kwenye kikapu kikubwa; joto litakaa saa nyingi bila mkaa. Na jua tunalo. Ndoo yenye mfuniko iliyopakwa nyeusi, ikiwekwa uani tangu asubuhi, hupasha maji ya rangi vya kutosha, mradi uiache siku tatu au nne.

*Mpwapwa: Nimefuma nusu ya blanketi la mtoto, uzi ukaisha. Nilioutia rangi mara ya pili haufanani na wa kwanza. Nifumue?*

Usifumue. Maganda ya leo hayawi sawa na ya mwezi ujao, ndiyo maana uzi wa kazi moja hutiwa rangi pamoja kwenye sufuria moja. Kwa sasa fuma mistari miwili ya uzi wa zamani, miwili ya uzi mpya, kwa kipande cha kiganja kimoja, ndipo uendelee na mpya peke yake. Jicho halitaona mpaka.

*Bahi: Nitajuaje kwamba rangi itadumu kabla sijamuuzia mteja?*

Zungushia uzi kwenye kipande cha kadibodi, funika nusu kwa karatasi nene isiyopitisha mwanga, kiweke dirishani upande wa jua wiki mbili. Funua ulinganishe. Kipande kingine kisokote pamoja na uzi mweupe, ufue kwa sabuni unayotumia nyumbani, uone kama mweupe umechafuka. Andika tarehe na vipimo nyuma ya kadibodi, na mteja akiuliza, mwonyeshe.