Kufufua lori kuukuu la magogo lililolala pwani

Kati ya Malindi, Mpeketoni na Mokowe, pwani ya Kenya, hakukosekani lori la kizamani lililoachwa chini ya mwembe, Bedford au Leyland la Kiingereza lililokuwa likibeba magogo ya mivinje na miembe. Mnunuzi akilipata hukimbilia betri kwanza, asikie injini ikinguruma. Ni haraka isiyo na faida. Injini ya dizeli iliyolala mara nyingi hufufuka. Chesisi iliyoliwa na chumvi haifufuki. Kwa hiyo anza chini.

Ingia uvunguni na nyundo ndogo na bisibisi nene. Gonga mihimili yote miwili kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti iliyoziba na kumwaga magamba. Kagua zaidi pale mbao za bodi zinapolalia chesisi, maana mbao hukaa na unyevu, na pale mabano ya springi yaliporibitiwa. Mahali palipo na bati mbili zilizobandikwa pamoja, kutu huvimba katikati na kuzitanua baina ya ribiti. Ukiona uvimbe huo, au bisibisi ikapenya, ongea bei ya vipuri, si bei ya lori. Usikubali kiraka cha kuchomelea juu ya kutu. Chesisi ya lori inatakiwa ipinde kidogo njiani. Kiraka kigumu husukuma mkazo wote ukingoni mwake, na hapo ndipo itakapokatika ikiwa na mzigo.

Sasa magurudumu, na hapa usiwe na pupa. Jeki juu ya mchanga huzama, kwa hiyo itandikie ubao mgumu wa upana wa sentimita 40 hivi. Kuegemeza tumia magogo mazima au stendi za chuma. Matofali ya matumbawe yanapatikana kila kona, lakini hupasuka ghafla bila kutoa dalili, nawe uko chini.

Malori mengi ya zamani ya Uingereza yana nati za upande wa kushoto zinazofunguka kinyume, yaani kwa kuzungusha kulia. Tafuta herufi L kwenye ncha ya stadi, yaani bolti inayoshika gurudumu, kabla ya kuning'inia kwenye spana na kuikata.

Rimu zenye pete ndizo zinazoua. Pete hiyo ya chuma inashikilia tairi kwa mfereji mwembamba tu, ikiponyoka upepo ukiwa ndani huruka kwa nguvu, na chumvi hupenda kuingia humo. Kabla ya kulegeza hata nati moja, fungua moyo wa valvu na utoe upepo wote. Pitisha waya kwenye valvu uhakikishe kutu haijaiziba. Kwenye magurudumu pacha fanya hivyo kwa matairi yote mawili, la ndani na la nje. Kisha pete isuguliwe kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane. Ikiwa imepinda, imepasuka au mfereji umeliwa, itupe, wala usiazime pete ya rimu ya aina nyingine kwa sababu tu imeingia. Wakati wa kujaza upepo, zungushia gurudumu mnyororo mzito mara kadhaa, likiwa ndani ya kizimba kama kipo, tumia mpira mrefu, na simama ubavuni, usimame kamwe mbele ya pete. Usiigonge kwa nyundo upepo ukiwa ndani.

Ndipo uende kwenye injini. Fungua oili. Ikitoka rangi ya maziwa, maji yameingia, na gasketi ya hedi au bloku yenyewe ni ya kuchunguza. Ikitoka nyeusi ya kawaida, ng'oa nozeli zote zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, mimina vijiko viwili vikubwa vya dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi ndani ya kila silinda, acha siku mbili. Zungusha krenki, shafti kuu ya injini, kwa mkono, spana ikiwa kwenye bolti ya puli, kidogo mbele, kidogo nyuma, mpaka ikamilishe mizunguko miwili. Starta haina huruma, na kuvutwa na trekta ni vibaya zaidi: ringi zilizoganda huvunjika, au oili iliyobaki juu ya pistoni hukosa pa kwenda na kupinda konrodi, yaani mkono wa pistoni. Nozeli zirudishwe baada ya mabaki yote kutemwa nje.

Pampu ya dizeli inahitaji jicho la pekee. Kwenye pampu ya mstari, yenye vipampu vilivyopangwa safu moja, fungua kifuniko cha pembeni na usukume reki, fimbo inayopima mafuta, kwa kidole. Iteleze bila kukwama. Ikiwa imeganda kwenye mafuta mengi, injini itawaka na kupanda kasi yenyewe hadi ivunjike, na ufunguo hautaizima. Ndiyo maana siku ya kuwasha lazima mtu mmoja asimame na kipande cha ubao laini, bomba la kuvuta hewa likiwa wazi, tayari kuliziba. Ubao, si kiganja.

Dizeli ya zamani mwaga yote. Chini ya tanki utakuta maji, kutu na ute mweusi. Ukiviacha, vitaziba chujio jipya siku hiyohiyo. Toa hewa kwa mpangilio: skrubu ya chujio kwanza, kisha ya pampu, mwisho nati za nozeli huku injini ikizungushwa. Kila mahali funga pale mapovu yanapokwisha. Jaza oili 15W-40, vuta kizimio (kitasa cha kuzima injini), zungusha kwa starta sekunde kumi kumi na kupumzika katikati, hadi geji ya oili ipande. Hapo ndipo uachie kizimio.

Kabla ya kufunga betri, angalia ni ncha ipi iliyofungwa kwenye chesisi. Malori ya Kiingereza ya zamani huenda yakawa na chanya kwenye chesisi, na kugeuza kunaunguza jenereta. Radieta usiijaze maji ya kisima. Visima vingi vya huku vina chumvichumvi na hula hedi kimyakimya. Maji ya mvua ya jabia, tangi la kuhifadhia mvua, ndiyo yake.

Breki hazina mjadala mrefu. Mabomba ya chuma badilisha yote, hata yanayong'aa, kwa kuwa kutu hukaa chini ya klipu. Dramu ya breki iliyoganda legeza adjasta zake (skrubu za kurekebishia breki), kisha gonga usoni karibu na stadi. Ukingo usiuguse, ni chuma cha kusubu na huvunjika. Vumbi la bitana kuukuu za breki huwa na asbesto, lilowanishe, usilipulize kwa kompresa. Ongeza maji ya breki pekee, kwani oili ya injini huvimbisha mipira. Mwisho kanyaga pedali kwa nguvu dakika nzima; ikizama polepole, masta silinda, pampu kuu ya breki, inavuja ndani. Malori makubwa ya magogo ya Pacific na Hayes ya British Columbia, Kanada, yaliyotumia barabara za msituni tu, yalibeba tanki la maji ya kupoza breki kwenye miteremko. Kwetu tambarare adui si moto, ni kutu.

Winchi ya kuvutia magogo ikiwepo, kunjua waya wote. Ukihesabu nyuzi sita zilizokatika ndani ya msokoto mmoja (urefu ambao uzi mkuu huuzunguka waya mara moja), au tatu kwenye uzi mkuu mmoja, usiutumie tena. Waya wa milimita 16 hufungwa kwa klipu tatu, tandiko la klipu likikaa upande unaovuta na ubolti, bolti yenye umbo la U, upande wa ncha fupi. Bakiza mizunguko mitano kwenye dramu ya winchi.

Mzigo wa kwanza uwe mdogo. Gogo bichi la mwembe lenye kipenyo cha sentimita 60 na urefu wa mita tatu hukaribia kilo 800, kwa hiyo matatu yanatosha, na kibali cha Kenya Forest Service cha kusafirisha mazao ya misitu kiwe mkononi. Baada ya kilomita 20 simama, gusa kila kitovu cha gurudumu kwa nyuma ya mkono, na lenye moto kupita mengine lifunguliwe. Nati zote kaza tena, na tena baada ya kilomita 100.