Kuwakutanisha majirani wanaotazamana kwa jicho la pembeni: mwongozo kwa Hindi, Witu na Mokowe, kaunti ya Lamu

Usianze na semina. Kwenye semina kila mtu atasema sisi sote ni ndugu, atapokea nauli yake, na jioni atarudi barazani na dhana zile zile. Anza na kazi ambayo pande zote zinaihitaji na hakuna upande unaoiweza peke yake. Bwawa lililojaa tope linafaa sana, kwa kuwa mkulima, mfugaji Muorma na mama mwenye ndoo wote wanalitegemea.

Gordon Allport, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza mwaka 1954 kwamba kukutana hupunguza chuki hasa pakiwa na mambo manne: hadhi sawa, lengo moja, kushirikiana, na baraka za wenye mamlaka. Hilo la mwisho ni jepesi. Chifu, imamu na mchungaji waje siku ya kwanza, waseme machache, waondoke; wakikaa, watu watawasikiliza wao badala ya kusemezana. Kinachoharibika karibu kila mara ni hadhi sawa.

Tazama nani ameshika kalamu. Vijana wa mjini wakishika daftari na pesa, na Waaweer (wengi huwaita Waboni) wakaachiwa majembe, kisha wakaombwa wacheze ngoma wapigwe picha, mmekaza dharau mliyokuja kuiondoa. Kila jukumu lishikwe na wawili wa jamii tofauti, na libadilishwe kila wiki. Asiyejua kuandika ahesabu pesa, mwenziwe aandike. Lafudhi ya mtu isichekwe, hata kwa utani, mpaka yeye mwenyewe aanze kutania.

Idadi nzuri ni watu 24, wasipungue wanne kutoka kila jamii. Ukileta mmoja tu, atageuzwa msemaji wa kabila zima. Akipendwa, watu watasema, "Yule si kama wenziwe." Hapo mtu amesifiwa na dhana juu ya watu wake haikuguswa hata kidogo. Kauli hiyo ukiisikia, ujue kazi bado.

Ijumaa na Jumapili ziacheni, na Jumamosi pia ikiwa mna Waadventista. Jumanne au Jumatano, saa moja hadi saa tano na nusu asubuhi, inawaacha watu wale na kupumzika kabla ya adhuhuri. Ramadhani msichimbe.

Chakula ndicho kinachovunja vikundi vingi kimya kimya. Pikeni wali wa nazi na maharagwe: mchele kilo 4, maharagwe kilo 2 na nusu, nazi 8. Nyama ingojee siku ya mwisho, achinje Muislamu, na sufuria ziwe hazijawahi kupikiwa nguruwe. Sababu ielezwe mapema mbele ya wote, Mkristo asije akadhani amekataliwa vyombo vyake. Mbuzi za kukunia nazi ziwe mbili, zielekeane, na wakunaji watoke pande mbili. Mikono ikiwa kazini, ulimi hulegea.

Habari ya ardhi itazuka, hapana budi. Kuna Wabajuni waliohama vijiji vyao wakati wa vita vya Shifta (waasi waliotaka kujitenga na Kenya) miaka ya 1960, kuna skimu ya makazi ya Ziwa Kenyatta iliyoanza miaka ya 1970, na kuna mauaji ya Mpeketoni ya Juni 2014. Msiipige marufuku, wala msijifanye mahakama. Kikundi hakina hatimiliki ya kumpa mtu. Kila mmoja aseme mara moja bila kukatizwa, asijibiwe siku hiyo. Malalamiko yaandikwe, yapelekwe kwenye ofisi ya ardhi na wajumbe wawili wa jamii tofauti. Wawili hao hao wahakikishe kila uvumi wa WhatsApp kwa kupiga simu mahali penyewe kabla mwanachama yeyote hajausambaza.

Bwawa likisafishwa, wengi huishia hapo, na ni makosa. Mtafiti Salma Mousa alichapisha mwaka 2020 utafiti wa Iraki ambapo Wakristo waliokimbia ISIS walicheza kandanda kwenye timu zilizochanganywa na Waislamu. Uwanjani walibadilika kweli: waliendelea kufanya mazoezi na Waislamu miezi kadhaa baadaye. Lakini hawakuwa tayari zaidi kwenda kwenye mkahawa mjini Mosul, mji wenye Waislamu wengi. Kwa hiyo kuanzia wiki ya sita, kila mwanachama amlete mtu wa nyumbani kwake ambaye hajawahi kufika bwawani. Arusi au matanga yakitokea kwa mmoja, waende watatu kutoka jamii nyingine, si kiongozi peke yake.

Pimeni. Kabla ya siku ya kwanza, kila mtu aulizwe faraghani maswali matatu juu ya jamii nyingine kwa jumla, si juu ya mtu anayemjua: Ungempangishia chumba? Ungemkopesha shilingi 500? Ungemgongea mlango usiku mgonjwa akizidiwa? Rudieni baada ya miezi mitatu na baada ya sita, muulizaji awe yule yule. Mkopo ukikubalika na chumba kikakataliwa, wanawake wa nyumba hizo pengine hawajakutana bado. Kazi inayofuata ipangwe na wao, saa wanazozichagua wao.