Namna ya Kukadiria Upoaji wa Muundo wa Kipimo cha Nanomita

Tuseme mstari wa nikeli wenye upana wa nanomita 50 umelazwa juu ya silikoni, kisha ukapashwa joto. Anayetaka kujua utapoa kwa kasi gani asikimbilie kanuni ya upitishaji joto ya mwanahisabati Mfaransa Fourier ya mwaka 1822, kwa kuwa kanuni hiyo huchukulia kwamba vibebaji vya joto hugongana mara nyingi ndani ya umbali unaohusika. Katika silikoni vibebaji hivyo ni fononi, yaani mitetemo ya atomi inayosafiri ndani ya fuwele, na sehemu kubwa ya joto hubebwa na fononi zinazokwenda mamia ya nanomita, nyingine hata kupita mikromita moja, kabla ya kugongana.

Basi gawanya kwanza umbali ambao fononi husafiri kabla ya kugongana kwa upana wa mstari. Jibu, ambalo huitwa namba ya Knudsen, likiwa dogo sana kuliko moja, Fourier anatosha; likizidi moja, hesabu yake itaonyesha upoaji wa haraka kuliko ulivyo.

Kisha kagua mpaka kati ya nikeli na silikoni, mahali ambapo wengi hupapita bila kupaangalia. Halijoto huruka ghafla penye mpaka, jambo ambalo mwanafizikia Kapitza alilibainisha mwaka 1941 kati ya kitu kigumu na heliamu ya kimiminika. Kwa makadirio ya kuanzia, chukua kwamba mpaka hupitisha wati milioni 100 kwa kila mita ya mraba kwa kila kelvini. Upitishaji joto wa silikoni, wati 148 kwa mita kwa kelvini, ukigawanywa kwa namba hiyo hutoa takriban mikromita 1.5: mpaka huo unazuia joto sawa na silikoni yenye unene huo wote. Kwa glasi, ambayo upitishaji wake ni 1.4 tu, hutoka nanomita 14, kwa hiyo hapo mpaka si kikwazo kikubwa.

Mwisho, tazama majirani. Mwaka 2015 watafiti wa JILA, taasisi ya utafiti wa fizikia iliyoko Boulder, Marekani, walionyesha kwamba mistari iliyokaribiana hupoa vizuri kuliko iliyotawanyika, kwa sababu fononi za mstari mmoja hugongana na za mwingine, na mistari yote ikawa kama chanzo kimoja kipana. Usitumie, basi, matokeo ya mstari uliojitenga kukadiria safu iliyosongamana.