SOMO: Kumchunguza mshindani kabla hujafungua duka la mchele

Habari za jioni wadau. Kila wiki mtu anauliza mtaji wa duka la mchele ni kiasi gani. Kabla ya mtaji, jiulize hawa ambao mtaa mzima tayari unanunua kwao wanaishije. Nimeandika kwa anayetaka kufungua Dar es Salaam. Wa kwingine achukue kinachomfaa.

Hatua ya 1: Wajue washindani wote
Usihesabu maduka ya mchele peke yake. Mangi wa kona anayepima hadi robo kilo ni mshindani, tena mkali, maana ana daftari la madeni. Mama lishe akishazoea kufuata gunia zima soko la Tandale, basi Tandale nayo iandike. Na yule anayeletewa mzigo na ndugu yake kutoka Kyela, kwenye mchele unaonukia, akawauzia wenzake kazini, usimsahau.

Hatua ya 2: Nunua kwao
Kilo moja kila duka, aina ileile. Ukifika nyumbani pima upya, mwaga kwenye ungo, angalia chenga na mawe, kisha pika. Kibao kinasema Kyela lakini sufuria halinukii? Huenda umechanganywa. Ukiwa dukani, tupia jicho mzani: una stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu?

Hatua ya 3: Kaa uangalie
Saa 11 jioni mpaka saa 2 usiku, mwisho wa mwezi na katikati yake. Daftari acha nyumbani, watakudhania mtu wa TRA.

Hatua ya 4: Piga hesabu yake
Hapa ndipo penye somo lenyewe. Tuseme gunia la kilo 100 unalipata kwa 250,000, usafiri na kushusha 6,000, na kilo 2 zinapotea kwenye chenga na kupima. Umebaki na kilo 98 kwa 256,000, yaani kila kilo imekugharimu kama 2,612. Jirani anauza 2,700. Ungepata shilingi 88 kwa kilo, kodi ya fremu bado, umeme bado, mtoto wa dukani bado.

Sasa yeye anawezaje? Pengine alinunua wakati wa mavuno akajaza stoo. Pengine mchele kwake ni chambo tu, faida anaitoa kwenye mafuta ya kula na sukari. Pengine mzani wake unajua siri. Mpaka upate jibu, usilipe fremu.

Hatua ya 5: Mtafute aliyefunga
Fremu tupu ina historia. Bodaboda wa kijiwe cha jirani wanaijua, na soda moja inatosha.

MASWALI YA WANACHAMA

*Swali: Nikimfuata mwenye duka nikamwambia ukweli, atanisaidia?*
Wa mtaa wako, sahau. Kama utafungua Tegeta, nenda Mbagala, nunua kitu, jitambulishe. Humnyang'anyi mteja hata mmoja, kwa hiyo wengi watakwambia hata wanakochukua mzigo.

*Swali: Si nishushe bei tu niwavute wateja?*
Rudi hatua ya 4. Mwenye stoo iliyojaa akishusha shilingi 100 wiki mbili tu, wewe umekwisha. Shindana kwa kuchambua mchele vizuri na kumpelekea mama lishe hadi jikoni kwake.

*Swali: Tukikaa wenye maduka tukapanga bei moja je?*
Usithubutu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kupanga bei, na Tume ya Ushindani ipo kwa ajili hiyo. Kuuliza bei ya mwenzako ruksa, kukubaliana naye hapana.

*Swali: Mimi nauza nguo Instagram, nani nimkalie kijiweni?*
Soma maoni chini ya picha zao. Ukikuta watu wanauliza "mnatuma mikoani?" na hakuna anayewajibu, anza na hao.